Siku Sita Chelezoni, Miaka Mingi Karakanani

Siku niliyokabidhi sindano zangu, Innocent, dereva wetu wa forklift, aliniambia, "Muzehe Lashidi, andika. Ukienda kwako Busanza ukakaa tu, utasahau, na sisi tutabaki tunadanganyana." Nimemtii. Jina langu ni Rashidi, lakini Kigali r na l hubadilishana viti kila asubuhi, na nimeitwa Lashidi muda mrefu kiasi kwamba mtu akilitamka sawasawa nageuka kuona anaitwa nani.

Vyeo sitaviandika. Nilipata viwili, na kila kimoja kilikuja na funguo nyingi zaidi mfukoni. Mishahara mnaijua. Nitawaandikia jinsi mikono hii ilivyojifunza kazi, kwa sababu wengi wenu mmeitazama ikishona mkanyamaza, na ule unyamavu wenu nauhesabu kuwa ni heshima.

Nilizaliwa Tanga. Nilipokuwa na miaka ishirini nilikuwa baharia wa sitaha kwenye meli ndogo ya mizigo. Kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu, kupaka rangi pale nilipokwangua, na kusubiri kutu irudi. Mkubwa wetu wa sitaha, ambaye sisi mabaharia humwita serahangi, alikuwa Bakari, mtu wa Kilwa Kivinje, mfupi, mpana wa mabega, mkali kwa kamba iliyokunjwa ovyo kuliko alivyokuwa mkali kwa dhambi. Tulikuwa tumebeba saruji na mbao kuelekea Ghuba, wakati ambapo nchi mbili za huko zilikuwa vitani na kila moja ikipiga meli zilizokwenda kwa mwenzake. Vita havikutuhusu. Kombora halikuuliza.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilikuwa mbele ya meli, mkononi nina tupa. Sitaha ilininyanyua kwanza, mlio ukaja baadaye. Nilipogeuka, sehemu ya nyuma yote, vyumba vya kulala na jiko, ilikuwa moto. Nikakimbilia huko. Wenzetu walikuwa wakigonga mlango wa chuma kutoka ndani. Nilishika mpini kwa mikono yote miwili nikauvuta, na sikujua kwamba unawaka mpaka nilipouachia. Mlango haukufunguka. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki pale.

Serahangi Bakari alinikamata ukosi akaniburuta. Boriti ilikuwa imempiga ubavuni, na alikuwa akitembea upande upande kama kaa. Alilisukuma baharini pipa jeupe la chelezo cha kuokolea, akavuta kamba yake, na chelezo kikafumuka juu ya maji, cha mviringo, chenye paa la turubai la rangi ya chungwa.

"Ruka!" akaniambia.

"Mikono yangu, serahangi!"

"Utaruka kwa miguu!"

Nikaruka. Yeye akafuata, na kwa namna alivyolia alipoangukia maji nilijua ameumia kuliko alivyosema. Tulizunguka tukiita. Hakuna aliyeitika. Meli ilizama kabla jua halijafika utosini.

Jambo la kwanza alilofanya ndani ya chelezo halikuwa kuhesabu maji wala biskuti. Alichana shati lake vipande, akachukua makafi mawili ya plastiki, akaniambia ninyooshe vidole.

"Vinauma."

"Viume vikiwa vimenyooka. Kiganja kikiungua, vidole hukimbilia ndani kama konokono, na vikishaingia havitoki tena."

Akanifunga kila mkono juu ya bapa la kafi, vidole vimenyooka, na kila mara nilipoomba anifungue alijifanya hasikii. Nilimtukana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtukana serahangi, na wala hakukasirika. Alinisimulia juu ya mkewe, Mwanahawa, na mtoto wao Zuhura, wa miaka mitatu, ambaye kila kitu chenye magurudumu alikiita lori, hata cherehani ya mama yake. Alicheka huku ameshika ubavu.

Maji yalikuwa katika vikopo vidogo. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imefungwa, yeye ndiye aliyevifungua na kuninywesha. Alininywesha mimi kwanza, kisha aligeuka upande akanywa. Siku ya tatu nilimtazama alipogeuka. Aliweka kikopo mdomoni, lakini koo lake halikucheza. Baadaye aliniletea kikopo kilekile, akasema ni kipya. Nilikiona kilikuwa kimefunguliwa tayari. Nilijua. Nikanyamaza, nikanywa. Siku ya nne vilevile.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Serahangi Bakari alifariki. Nililegeza vifundo vya shati kwa meno mpaka mikono ikawa huru. Nilisoma nilichokikumbuka, nikachanganya aya. Kumshusha baharini kwa heshima sikuweza. Nilimsukuma kwa viwiko na magoti. Kisha nikajifunga tena mikono yangu kwenye makafi, kwa meno, vibaya, kwa sababu niliogopa atanikemea.

Ijumaa meli ya wavuvi ikaniokota.

Nililala miezi saba katika hospitali ya mji wa bandari ambao sikuwahi kuuona mitaa yake. Daktari alipofungua zile bendeji za mwanzo aliuliza kwa ishara ni nani aliyenifunga vile, maana kama si yeye mikono ingekuwa ngumi mbili maisha yangu yote. Hata hivyo kovu halina shukrani. Vidole vilipinda nusu vikakaa hapo. Mtu wa wenye meli alikuja na karatasi. Aliuliza, na serahangi je? Mbele yangu nilikiona kile kikopo. Nikasema, "Alipotea." Akaandika hivyo. Wenye meli nao hawakuonekana tena.

Tanga nilikaa karibu miaka kumi bila kazi ya maana. Mama alinilisha mwanzoni, kisha dada yangu. Kikombe kilinishinda, kifungo kilinishinda, na mawimbi niliyasikia hata nikiwa katikati ya mji, Ngamiani, mahali ambapo wengine husikia pikipiki tu. Shemeji yangu Hamisi aliendesha lori la mizigo kwenda Rwanda, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imetoka kwenye msiba wake mkubwa na ilikuwa ikihitaji kila kitu, kuanzia misumari. Siku moja akaniambia, "Shemeji, twende. Huko hakuna bahari hata ya kuchorwa."

Nikamuuliza, "Bahari ya karibu iko umbali gani?"

"Siku tatu, kama mpakani hawajaamka vibaya."

Nikapanda lori. Tulipoingia kwenye vilima, nililala usingizi ambao Hamisi alidhani ni ugonjwa.

Tulifika Nyabugogo, Kigali, mvua ikinyesha na turubai la lori limechanika ukingoni. Wapo kati yenu ambao hawakuijua karakana ile ya zamani: kibanda cha mabati nyuma ya soko, cherehani mbili, na turubai zilizorundikwa mpaka darini. Fundi mkuu alikuwa Mzee Faustin, Mnyarwanda mrefu mwenye Kifaransa cha shule ya zamani na Kiswahili chake mwenyewe. Alikuwa anashona kwa mkono, na wachukuzi wawili walikuwa wakijaribu kuvuta turubai la Hamisi likaze. Kamba yao ililegea kila walipoiachia. Sikufikiri. Niliwanyang'anya ile kamba, nikazungusha, nikapitisha, nikakaza kwa kiwiko. Ikashika. Ndipo nilipoona nilichokifanya, nikaificha mikono makwapani.

Mzee Faustin aliinuka. Aliivuta kamba. Akaivuta tena kwa uzito wake wote.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi, mzee. Samahani."

"Lete mikono." Akaigeuza huku na huku kama mtu anayenunua ngozi. "Wewe iko na vidole ya namna hii, na unafunga namna hii?"

"Nilikuwa baharia."

"Na sasa?"

"Sasa si kitu."

"Ah bon," akasema. "Si-kitu, kesho kuja saa moja. Hapana kuchelewa."

Hamisi alirudi pwani bila mimi. Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Siku hizi ninyi mnaulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano. Ningeulizwa swali hilo ningepanda lori nirudi.

Siku ya kwanza nilivunja sindano nne. Sindano ya turubai ni nene, pembe tatu nchani, na husukumwa kwa kipande cha ngozi kinachovaliwa kiganjani. Ngozi ile iligusa makovu nikaona nyota. Mzee Faustin hakunipa pole. Alipasha nta ya uzi kwenye kopo, akaiacha ipoe mpaka iwe vuguvugu, akanichovya mikono kama mtu anayetengeneza mishumaa. Nta ilipoganda aliibandua, akaanza kuvuta kidole kimoja kimoja.

"Mzee, unaniumiza."

"Tulubai iko kama ngozi, na ngozi iko kama tulubai," akasema. "Ukivuta na hasira, inapasuka. Ukiacha, inakauka. Doucement, pole pole, kila siku. Hapana kusahau siku moja."

Hakusahau siku moja. Kila asubuhi, kabla ya chai, kwa miaka miwili. Alikuwa na watu wake waliokuwa wagonjwa, alikuwa na mazishi yake mengi ya kuhudhuria kama kila mtu wa mji huu wakati ule, lakini nta ilipashwa. Kufikia mwaka wa pili nilishika kikombe. Nilimwonyesha. Akasema, "Bien. Sasa osha hicho kikombe."

Makosa yangu ya miaka ile yanajaza daftari, lakini nitawapa moja. Tulifunga lori la maharage kwenda Goma, na mimi kwa kujionyesha nikatumia fundo la baharini ambalo likilowa hukaza mara mbili. Njiani mvua ilinyesha. Walipofika, hakuna aliyeweza kulifungua. Dereva alikata kamba kwa panga, akakata na turubai, akarudi na vipande ili anionyeshe. Mzee Faustin alivipanga mezani bila neno, kisha akaniambia, "Fundo nzuri, mutu mwingine anaweza kufungua. Yako iko ya kujipenda." Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nimemwambia maneno hayo, na sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyeambiwa kwanza.

Vestine alikuja mwaka wa tatu. Alikuwa binti wa Kigali, mwembamba, haongei asubuhi, na mshono wake wa cherehani ulinyooka kiasi kwamba Mzee Faustin alivua kofia. Tuliketi meza moja miaka zaidi ya ishirini. Niseme hapa jambo ambalo wengi hamlijui: katika miaka hiyo yote sikushona turubai la rangi ya chungwa hata moja. Likiletwa, nilisema rangi ile inaniumiza macho, na Vestine alilivuta upande wake bila swali. Mvua ikigonga mabati wakati turubai la namna hiyo limetandazwa, nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Aliniletea mwavuli, akarudi ndani. Hakuuliza. Watu wa hapa wanajua kutouliza kuliko watu wote niliowahi kuishi nao.

Mzee Faustin alifariki akiwa bado na ufunguo wa karakana mfukoni. Mimi na Vestine tulimshonea jeneza pazia la ndani, mshono wa mkono, sindano ndogo. Baada ya hapo kampuni ikahamia Masoro, kwenye maghala makubwa yenye sakafu unayoweza kulia chakula juu yake, na ndipo ninyi wengi mlipoanza kuja na simu zenu na vyeti vyenu.

Sasa nifike kwenye siku ya pipa.

Ilikuwa miaka mitano iliyopita, asubuhi ya Jumatatu. Ulikuja mzigo wa kampuni moja ya boti za Ziwa Kivu, kule Rubavu. Mapipa sita meupe, yamelazwa juu ya vitanda vyake vya mbao. Moja lilikuwa limepasuka ganda njiani, na tuliombwa tulifunike na kulifunga upya kabla halijaendelea. Mimi nilikuwa stoo nikitafuta uzi. Innocent, ambaye alilelewa Uganda na ambaye kila kitu chenye kamba lazima akivute, aliona kamba imechomoza.

Nilisikia ule mlio. Mlio wa hewa ikifumuka kwa hasira. Nilitoka mlangoni, na mbele yangu, katikati ya karakana, kati ya cherehani na meza, chelezo kilikuwa kinajikunjua kama mnyama anayeamka. Kilisukuma viti. Kiliangusha birika la chai. Paa la rangi ya chungwa likasimama mpaka likagusa taa. Watu walikuwa wakicheka na kukimbia, na Innocent alikuwa amebanwa ukutani, mikono juu, akipiga kelele, "Mungu wangu, nimefanya nini? Nizime wapi?"

Mimi sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka Vestine amechuchumaa mbele yangu nyuma ya mifuko ya saruji ya ghala la jirani, na viganja vyangu nimevibana baina ya magoti, vidole vimenyooka.

"Lashidi. Lashidi, niangalie. Iko nini?"

"Wafungue mlango," nilisema. "Kuna watu ndani wanagonga."

"Hakuna mutu anagonga. Innocent anafagia chai."

Aliketi chini, kwenye sakafu, na sketi yake safi. Hakusema nyamaza, hakusema pole. Akangoja. Na mimi, ambaye dada yangu mwenyewe hakuwahi kunisikia nikisimulia, nilimwambia yote: mlango, makafi, vikopo vya maji. Nilimwambia kwamba nilimwona hanywi na nikanywa. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho, na jua lilikuwa limehama kutoka mifuko mpaka ukutani.

Vestine aliuliza jambo moja tu.

"Watu yake wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kama alikufa. Siku gani. Mahali gani."

"Waliambiwa alipotea."

"Nani alisema alipotea?"

Nikaificha mikono yangu makwapani.

 Vestine akasema, akitazama mikono yake, "Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Wakati ule wa jenoside alitoka nyumbani kutafuta maji. Hakurudi. Iko mutu anajua mahali, Lashidi. Lazima iko. Labda ananiona sokoni Nyabugogo, ananisalimia, ananiuliza habari ya watoto. Mimi sasa hata sitaki afungwe. Nataka aje aniambie tu: ni pale. Basi." Alipangusa sketi akainuka. "Mimi bado natafuta huyo mutu wangu. Yule mama wa Kilwa, mutu wake ni wewe."

Akarudi kazini. Alasiri ile tulikunja chelezo pamoja, mimi nikielekeza nikiwa mlangoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kinavyokunjwa. Innocent alinijia akalia kama mtoto, na nikamwambia angalau sasa anajua kamba ile inafanya kazi.

Ningependa kuandika kwamba niliondoka kesho yake. Ilinichukua mwaka mzima. Kila Jumatatu Vestine alinitazama tu, na kila Jumatatu nilikuwa na turubai la haraka. Mwishowe alijaza fomu yangu ya likizo yeye mwenyewe, akaniletea kalamu. "Saini," akasema. "Mikono yako inaweza."

Kutoka Kigali mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar mpaka Kilwa, nilirudia maneno yangu mpaka jirani yangu kwenye basi akadhani nina wazimu wa dini. Bahari ilipotokea nilifumba macho, nikayafumbua, ikawa bado ipo. Hakuna lililotokea. Nilikuwa mzee ndani ya basi, nina mfuko wa chai ya Rwanda magotini.

Kivinje si pakubwa. Niliuliza kwa Bakari baharia, na kijana wa duka akasema hamjui, lakini mzee aliyekaa karibu naye akasema, "Yule aliyemkimbia mkewe? Nyumba ile yenye mlango wa kijani." Maneno yale yalinisimamisha njiani. Sikuwa nimewahi kuyafikiria.

Nilipiga hodi. Alitoka mwanamke wa makamo, ana miwani, na madaftari ya wanafunzi kwapani. Alikuwa na yale mabega.

"Karibu. Nikusaidie nini, mzee?"

"Wewe ni Zuhura binti Bakari?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Rashidi. Nilikuwa na baba yako kwenye meli ya mwisho."

Madaftari hayakuanguka. Aliyaweka chini moja moja, akanionyesha pa kukaa, akaenda ndani akatoka na mama yake, Bi Mwanahawa, mwanamke aliyenyooka, kanga imefungwa barabara, anayetazama watu usoni. Nilisimulia. Nilikuwa nimeapa kuanza na mazuri, lakini nilipofika kwenye vikopo vya maji sikuruka. Nikasema, "Nilimwona hanywi. Alinipa maji yake nikayanywa, na nilijua."

Zuhura aliinuka. "Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Kigali."

"Kigali hakuna simu? Hakuna posta?" Sauti yake haikupanda. "Unajua nimeolewa nikiitwa mtoto wa mtoro? Unajua bibi yangu alikufa akiamini mwanawe ana mke Karachi na watoto wanne? Watu waliwapa hata majina!"

"Sikujua," nilisema. "Na ningejua, sina uhakika kama ningekuja. Nilikuwa naona haya."

Alitoka nje. Nilisikia hatua zake zikizunguka nyumba. Mimi na Bi Mwanahawa tulibaki wawili. Hakuwa amelia. Alikuwa akinitazama mikono.

"Hiyo ndiyo aliyoifunga?"

"Ndiyo hii."

Akaunyoosha mkono wake, akaishika yangu, akabonyeza vidole vyangu kimoja kimoja kuona vinakunjuka mpaka wapi. "Alikuwa na ubishi," akasema. "Hata mimi nikiungua jikoni alinifunga hivyo hivyo. Nilimtukana." Kisha akauliza, "Siku gani?"

"Alhamisi. Baada ya adhuhuri."

"Uliona kwa macho yako?"

"Nilimshusha mwenyewe, Bi Mwanahawa. Si vizuri, lakini nilimsomea."

Aliiachia mikono yangu. Halafu akaita kwa sauti ambayo sikutarajia kutoka kwa mtu wa umri wake, "Zuhura! Njoo ndani. Baba yako amefariki Alhamisi."

Zuhura aliingia, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, na hapo wote wawili wakalia, kilio kibichi, kana kwamba habari imetoka bandarini asubuhi ile. Nilitaka kuondoka nikawapisha. Bi Mwanahawa akanizuia kwa mkono, kwa hiyo nikabaki, na mimi nikalia nao.

Shehe wa mtaa aliitwa. Akapanga hitima. Bi Mwanahawa akamwambia kwamba kuanzia siku ile anakaa eda ya mjane. Shehe, mtu mpole, akamweleza kuwa eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, hivyo kisheria ilikwisha miaka thelathini na zaidi iliyopita.

"Najua imekwisha, shehe," akajibu. "Lakini mimi sikuikaa."

Shehe alitazama chini, kisha akasema Mungu anajua nia, na akamwachia siku tatu za kuketi na watu wake.

Nilimpigia Vestine simu nikamweleza. Nilisikia cherehani za Masoro nyuma yake. "Yooo," akasema, kwa huruma. "Kwa hiyo sasa wanajua siku." Kisha akaniambia nisirudi haraka, turubai hazitakimbia.

Sikurudi haraka. Niliazima kanzu, nikaketi barazani na wanaume. Watu wa Kivinje walikuja siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakiwemo wale wale waliozoea kumcheka mama huyo kwamba amekimbiwa, na mzee wa dukani naye alikuja, akiwa amevua kofia. Bi Mwanahawa aliwapokea wote mkekani, amevaa nguo nyeupe, mgongo umenyooka, na kila aliyempa mkono alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Ahsante. Mume wangu alifariki baharini, siku ya Alhamisi, akimnywesha mwenzake maji."